Urais huamuliwa kituoni, si Bomas

Tangu usajili endelevu wa wapiga kura urejelewe Kenya Septemba 2025, sisi tunaotoa elimu ya wapiga kura tunaulizwa swali lile lile: nijisajili kwa nini, na kura zitapikwa Bomas, ukumbi wa Nairobi yalikojumlishwa matokeo ya urais 2022? Hofu hiyo ina chanzo. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100, na Tume ya Kriegler, iliyochunguza uchaguzi huo, haikuweza kusema nani alishinda. Lakini sheria ya wakati ule si ya leo, na inasikitisha kuona watu wazima wakisambaza dai ambalo jibu lake hubandikwa mlangoni pa kituo.

Kura huhesabiwa pale pale zilipopigwa. Afisa msimamizi hukunjua karatasi moja moja, huwaonyesha maajenti wa wagombea na kumtaja aliyepigiwa. Mgombea au ajenti asiyeridhika anaweza kuomba zihesabiwe upya, ila si zaidi ya mara mbili. Ndipo Fomu 34A, ya matokeo ya urais ya kituo hicho, hujazwa na kutiwa saini, maajenti wakapewa nakala, na nyingine ikabandikwa. Ajenti akikataa kutia saini, sababu huandikwa. Kukataa kwake pekee hakubatilishi matokeo, na hili tunalirudia kila uchaguzi.

Juni 2017, katika kesi ya Maina Kiai, Mahakama ya Rufaa ilisema matokeo yaliyotangazwa eneobungeni ni ya mwisho. Tume ya uchaguzi (IEBC) haiwezi kuyabadilisha Nairobi. Tarehe 1 Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais, dosari za upeperushaji wa matokeo zikiwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2022 Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 zikawekwa kwenye tovuti ya tume, kila mtu ajumlishe mwenyewe.

Ambacho hakuna fomu inayoweza kukizuia ni kura iliyouzwa mapema. Kuhonga mpiga kura, au mpiga kura kupokea hongo, ni kosa: faini isiyozidi shilingi milioni 2, kifungo kisichozidi miaka 6, au vyote viwili. Noti ya mia mbili si "nauli".

Agosti 2027, nakili takwimu za mlangoni uzilinganishe na za tovuti. Zikitofautiana, Kifungu cha 140 cha Katiba kinatoa siku 7 baada ya mshindi wa urais kutangazwa kuwasilisha kesi Mahakama ya Juu, nayo huamua ndani ya siku 14. Kwa sasa, fika ofisi ya tume katika eneobunge lako ukiwa na kitambulisho cha taifa au pasipoti halali.