Jumuiya haijafuta mpaka wa Holili

Kaa kijiweni Moshi, hasa karibu na stendi, utasikia: "Siku hizi Afrika Mashariki ni moja, unaenda Taveta kupiga kazi na kitambulisho chako tu." Taveta iko Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Holili. Maneno hayo si kweli, na waliodakwa wanajua.

Itifaki ya Soko la Pamoja, yaani makubaliano ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki yaliyoanza Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia bila viza. Kufanya kazi ni habari nyingine. Kila nchi iliambatanisha orodha ya kazi ilizokubali kuzifungulia, na orodha hizo zimeelemea zaidi wenye vyeti. Kibarua wa shamba au dada wa kazi ni vigumu kumkuta humo. Kitambulisho nacho? Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana kukitumia. Mtanzania bado huulizwa hati ya kusafiria.

Sasa mtazame mama anayevusha ndizi. Mzigo wake, ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya na hauzidi dola 2,000, hupewa cheti rahisi cha uasili, cha kuthibitisha ulikotoka, palepale mpakani, ukapita bila ushuru wa forodha. Binti aliyembebea mkungu akibaki Taveta kuosha vyombo hotelini bila kibali, anaitwa mhamiaji haramu.

Ndiyo maana siwaelewi wanaodhani dawa ya njia za panya ni kuongeza doria. Wengi wanaopita huko hawana kibali cha kazi, na doria haiwapi. Kituo cha pamoja cha Holili, cha maofisa wa nchi zote mbili, kimewapunguzia wasafiri kukaguliwa mara mbili. Orodha ya kazi hakikuigusa.