Usiniulize sentimita ngapi

Theluji ikianguka usiku hapa Davos, mji wa milimani Uswisi, asubuhi simu yangu hujaa swali lile lile: "Kaka, sentimita ngapi?" Kazi yangu ni kuongoza watu wa skii, wanaoteleza juu ya theluji, nje ya njia zilizotengenezwa, kwa hiyo idadi ninayo. Ila sentimita 15 zinaweza kuporomoka zikakufukia, na sentimita 50 zikakuteremsha salama hadi kijijini.

Kwanza upepo. Theluji iliyoanguka hewa ikiwa tulivu hulala laini kama unga. Upepo ukiibeba, chembe zake hugongana na kuvunjika, kisha hushindiliwa upande wa demani, uliokingwa na upepo, zikawa bamba moja gumu. Waliokulia majahazini hawahitaji maelezo zaidi: joshini, upepo unakopiga, mlima hubaki mawe matupu, demani ndiko mzigo unakoshushwa. Na ndiko mpenda skii anakokimbilia, maana theluji ni nyingi! Kanuni moja ya milima ya Alps inasema hivi: kukiwa na upepo mkali na baridi kali, juu ya theluji ya zamani yenye uso unaoteleza, sentimita 10 hadi 20 mpya zinatosha kuleta hatari. Hali ikiwa njema, hatari huanzia 30 hadi 60.

Pili, kilicho chini. Usiku wa anga wazi theluji hupoteza joto, na unyevu wa hewa hugandia juu yake ukawa sakitu. Asubuhi inameta kama magamba ya changu. Wapiga picha hushangilia, mimi hununa. Sakitu ikifunikwa na theluji mpya kabla jua au upepo haujaiharibu, hukaa humo wiki kadhaa, kama dengu kavu zilizomwagwa chini ya mkeka.

Juzi nilichimba shimo kupima uimara wa theluji, nikakata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90 na kina cha 30. Unalaza koleo kwenye ncha moja, unagonga: mara 10 kwa kukunja kifundo cha mkono, 10 kwa kiwiko, 10 kwa bega. Pigo la 13, ufa ulikimbia toka ncha hadi ncha, na bamba zima likanitelezea magotini. Tabaka lililokatika lilikuwa jembamba kuliko ukucha wangu. Tuligeuza. Mgeni mmoja hakunisemesha hadi chakula cha jioni.

SLF, taasisi ya utafiti wa theluji iliyopo hapa hapa Davos, hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji saa 11 jioni, na majira ya baridi huirudia saa 2 asubuhi. Kipimo cha hatari kina ngazi 5, na watu huisoma 3 kama "wastani". Hapana. Hatari haipandi kwa hatua zilizo sawa, na vifo vingi hutokea kwenye hiyo hiyo 3. Ikifika 4, wengi hubaki hotelini. Kwenye 3 jua linawaka, na mbele yako kuna alama za skii za waliotangulia. Alama hizo hazithibitishi kitu: wanne wanaweza kupita, wa tano akakanyaga pale bamba lilipo jembamba.

Kesho tunapita msituni, ambako upepo haukufika, kwenye miteremko yenye mwinamo usiofika nyuzi 30, kwa sababu bamba kavu ni nadra kung'oka hapo, na tutakaa mbali na miteremko mikali iliyo juu yetu. Saa 2 na nusu, kituo cha basi.

Sentimita? 22.