Mtoto bado anakojoa kitandani: maswali wanayoniuliza wazazi kliniki

Mimi ni nesi, nipo kliniki ya watoto hapa Dar, na hili swali haliulizwi kwenye benchi. Mama anasubiri wenzie waishe, alafu ananivuta pembeni anaongea kwa sauti ya chini kama anakiri kosa. Basi nimeyaandika hapa yale yanayojirudia.

Wangu ana miaka sita na bado analowesha kitanda, ni kawaida kweli?

Kawaida kabisa. Kwenye miaka 5, kati ya watoto 100 kama 15 hivi bado wanakojoa usiku, yaani kwenye darasa la watoto 40 sita wameamka wamelowa leo asubuhi, ila kila mzazi anadhani ni wa kwake tu. Kila mwaka unaopita, karibu 15 kati ya kila 100 wanaoendelea wanaacha wenyewe bila dawa. Chini ya miaka 5 hata hatuhesabu kama tatizo, na wavulana ndo wengi kuliko wasichana.

Si uvivu tu wa kuamka?

Hapana mama, angekuwa macho angeenda. Usiku mwili unatakiwa utoe homoni ya kupunguza mkojo, kwa hawa watoto mara nyingi inakuwa bado kidogo kwa hiyo figo zinatengeneza mkojo kama vile ni mchana, na kibofu chenyewe ni kidogo. Chukua umri ongeza moja zidisha mara 30, mtoto wa miaka 6 unapata mili 210, ni kama kikombe kimoja cha chai basi. Kikijaa kinatuma taarifa kichwani ila usingizi wake ni mzito, taarifa haifiki.

Na inarithiwa sana. Mzazi mmoja akiwa alikojoa utotoni, uwezekano wa mtoto ni kama 44 kwa 100, wakiwa wote wawili unafika 77. Kuna baba mmoja alikuja mkali kweli, anasema huyu dogo nimempiga lakini hasikii, bibi wa mtoto aliyekuwa amekaa pembeni akamwambia "wewe si uliacha ukiwa darasa la tano?" Baba akaanza kuangalia simu.

Mbona hata mchana anarudi shule sketi imelowa?

Hapa nawaombaga wazazi tutulie, kwa sababu wengi wanapambana na usiku wakati shida inaanzia mchana. Mtoto anayelowa mchana na usiku, anza na mchana.

Mwangalie akiwa anacheza. Anasimama ghafla amebana mapaja, anacheza cheza miguu, au anachuchumaa anakalia kisigino kama anatafuta kitu chini. Huyo anabana mkojo, na ukimuuliza atakwambia sina mkojo, dakika mbili baadae chupi imelowa. Anabana kwa sababu mchezo umenoga, au anaogopa kumuomba mwalimu ruhusa, au choo cha shule kinatisha. Kwa Tanzania kiwango ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, sasa nenda shule ya karibu na wewe ukahesabu, alafu uangalie kama mlango una komeo na kama kuna maji. Mtoto wa miaka 7 anaamua bora nibane mpaka nyumbani.

Kwa hiyo tunampangia saa, asisubiri kubanwa. Akiamka anaenda, kabla ya kutoka nyumbani, mapumziko ya shule, akirudi, jioni, na kabla ya kulala, yaani kila baada ya masaa mawili au matatu hivi. Mwalimu aambiwe kwa faragha amruhusu bila kumtangaza. Mtoto wa kike ashushe chupi vizuri apanue miguu asikojoe haraka haraka, na kama ni choo cha kukaa miguu isining'inie, muwekee kigoda. Akimaliza ahesabu mpaka kumi ajaribu tena. Na maji anywe ya kutosha asubuhi na mchana, kumnyima maji siku nzima ni kosa, jioni ndo unapunguza, na chai ya rangi na soda usiku hapana.

Alafu haja kubwa, hii ndo inasahaulika kuliko zote. Utumbo mkubwa na kibofu ni majirani wa ukuta mmoja, choo kikijaa huko nyuma kinakandamiza kibofu. Mama anakwambia choo anapata vizuri, ukiuliza mara ngapi, anamgeukia mtoto. Nilikuwa na mmoja wa miaka 7, tukaja kugundua anaenda kila siku ya nne na choo ni vigololi kama vya mbuzi. Daktari akampa dawa ya kulainisha choo, nyumbani wakaongeza maji, papai na mboga za majani, akawa anakaa chooni kila baada ya chakula. Kama miezi miwili hivi mchana ukawa mkavu, na usiku nao ukaanza kupungua wenyewe.

Nimuamshe saa sita usiku?

Unaweza, shuka litapona ila haimfundishi kitu. Na ukimuamsha aamke kweli, atembee, akujibu. Ukimbeba begani kalala ukamkojolesha hivyo hivyo unamzoesha kukojoa usingizini.

Kwetu wanasema afungwe chura kiunoni, au atembezwe na godoro.

Najua, nimekulia huko huko, na tuliambiwaga ukichezea moto utakojoa kitandani. Chura hana kosa. Ila godoro, viboko na kuimbiwa na watoto wa mtaa vinaharibu kweli, mtoto anaanza kuficha nguo mbichi chini ya kitanda, anaogopa kulala. Weka mpira wa kufunika godoro chini ya shuka, asubuhi akusaidie kutoa shuka bila maneno, aoge, basi. Zawadi mpe kwa kwenda chooni kabla ya kulala, maana hilo analiweza. Kuamka mkavu haliko mikononi mwake.

Dawa ipo?

Kuanzia miaka 6 au 7 hivi, kama inamsumbua. Kuna alamu, kifaa kinachopiga kelele chupi ikianza kulowa, inataka uvumilivu wa miezi miwili mitatu na mwanzoni ni wewe mzazi unayeamka, lakini kama theluthi mbili ya watoto wanakauka. Vidonge ni desmopresini, vinapunguza mkojo wa usiku, vizuri kwa safari au bweni ila wengi wakiacha inarudi. Lazima daktari aandike, na asinywe maji mengi kuanzia saa moja kabla ya kidonge mpaka masaa 8 baada, la sivyo chumvi ya damu inashuka na anaweza kupata degedege.

Lini nikimbie hospitali?

Alikuwa mkavu miezi sita au zaidi alafu ghafla kaanza tena. Anakunywa maji sana na anakonda, huyo apimwe sukari siku hiyo hiyo, usisubiri jumatatu. Mkojo unauma, una damu (wale wa kanda ya ziwa na pwani mnaoogelea mabwawani, kichocho hicho), homa, mkojo unachuruzika muda wote, miguu imelegea, au anakoroma sana usiku. Kipimo cha mkojo ni cha haraka na zahanati nyingi wanacho.

Desemba anaenda kulala kwa bibi yake, nifiche?

Usifiche, mpigie bibi mapema, bibi peke yake, sio shangazi mwenye mdomo. Kwenye begi weka mpira, shuka mbili za ziada na mfuko wa nguo mbichi, na mtoto mwenyewe ajue vilipo ili asubuhi asianze kuuliza mbele ya binamu zake.