Kuiuzia serikali ya Marekani: yanayosemwa kuhusu bei na sheria inavyosema

Wenye kampuni ndogo zinazofanya kazi na serikali ya shirikisho ya Marekani, za usafi, za ulinzi, za usafirishaji, za kompyuta, wakiwemo watu wa kwetu waliojiajiri huko, huitaja Sheria ya Madai ya Uongo (False Claims Act), inayowabana wanaoidanganya serikali ili walipwe, kana kwamba inawahusu wakubwa tu. Sheria hii ni ya 1863. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimepamba moto, jeshi la Kaskazini likiuziwa bidhaa mbovu kwa bei ya bidhaa nzima, na Rais Lincoln akaitia saini. Mwaka 1986 ikaongezewa makali. Anayeshindwa kesi hulipa hasara ya serikali mara tatu, na juu yake faini kwa kila dai. Kwa viwango vya 2025, faini hiyo ni kati ya dola 14,308 na 28,619. Kila ankara ni dai. Kampuni iliyopeleka ankara kila mwezi kwa miaka 3 ina madai 36, yaani zaidi ya dola 515,000 kwa faini ya chini kabisa, kabla ile mara tatu haijaguswa.

Kesi za bei mara nyingi hazihitaji mtu aliyekaa chini kupanga wizi. Inatosha idara mbili za kampuni moja zisizozungumza: mmoja anaieleza serikali bei imetoka wapi, mwingine anajua kwamba sivyo.

"Bei ikiwa kubwa mno, hilo ni dai la uongo"

Februari 2019, mkaguzi mkuu wa Wizara ya Ulinzi alitoa ripoti kuhusu TransDigm, kampuni inayouza vipuri vya ndege. Katika vipuri 47 alivyovichunguza, 46 vilikuwa vimeuzwa kwa faida aliyoiona imepita kiasi, jumla dola milioni 16.1. Wabunge waliwabana wakuu wa kampuni, na fedha zikarudishwa kwa hiari. Ilikuwa aibu, lakini haikuwa kesi ya madai ya uongo. Mikataba mingi ilikuwa chini ya kiwango kinachomlazimu muuzaji kufungua vitabu vyake vya gharama, na kuuza ghali peke yake si kusema uongo.

Linganisha na Navistar Defense, iliyolipa dola milioni 50 mwaka 2021 kumaliza madai kuhusu vifaa vya magari ya kivita ya Marine Corps, askari wa majini wanaopigana pia nchi kavu. Serikali ilidai kwamba kampuni ilitengeneza ankara za mauzo ambayo hayakuwahi kufanyika, ili bei yake ionekane ndiyo ya sokoni. Bei mwenyewe unapanga. Ushahidi wa bei haupangwi.

"Sikukusudia kudanganya, kwa hiyo niko salama"

Hili ndilo linaloponza wengi. Sheria haidai nia ya kuiba. Kujua kunatosha, kufumba macho makusudi kunatosha, na kutojali kupita kiasi kama unachokisema ni kweli au si kweli, nako kunatosha. Kosa la bahati mbaya lililofanyika kwa uangalifu haliingii humo.

Juni 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja katika kesi iliyozihusu SuperValu na Safeway. Maduka yao yalikuwa yakiwauzia wateja dawa kwa punguzo kubwa, huku walalamikaji wakidai kwamba serikali, inayowalipia baadhi ya watu dawa kupitia mipango yake ya afya, ilikuwa ikipewa bei ya juu zaidi kama ndiyo "bei ya kawaida". Utetezi ulikuwa kwamba maneno hayo yanaweza kufasiriwa namna nyingi. Mahakama ikasema la kuangalia ni mshtakiwa mwenyewe aliamini nini wakati ule. Tafsiri nzuri aliyoitafuta wakili baadaye haifuti barua pepe ya ndani inayosema, kwa mfano, "Wakijua hili tumekwisha."

Kwa hiyo kanuni ikikutatiza, andika wakati huohuo umeielewaje na kwa nini, na mwulize afisa mikataba wa serikali kwa maandishi. Karatasi ya siku ile ina uzito ambao kumbukumbu ya miaka 5 baadaye haina.

"Mkataba wa bei isiyobadilika hauna hatari"

Hoja yenyewe inavutia: tumekubaliana dola kadhaa, nikipata faida ni yangu, nikipata hasara ni yangu, gharama zangu zinamhusu nani? Zinamhusu aliyekubali bei hiyo kwa kukuamini. Sheria ya tangu 1962 inamtaka mkandarasi, mkataba ukivuka kiwango fulani, atoe takwimu za gharama na bei, kisha athibitishe kwa cheti kwamba ni sahihi, zimekamilika na ni za karibuni hadi siku walipokubaliana bei. Kuanzia Julai 2018 kiwango kilikuwa dola milioni 2, na baadaye kikapandishwa, hivyo tazama kinachotumika kwa mkataba wako. Kuna misamaha: penye ushindani wa kweli, kwa bidhaa za kibiashara, au bei ikiwa imewekwa kisheria.

Tuseme mmefikia bei Jumatano, baada ya wiki tatu za kuvutana. Ndani yake pampu moja imehesabiwa dola 1,150. Lakini Jumatatu, muuzaji wa pampu alikuwa amemwandikia ofisa ununuzi wenu: ukichukua 400, nakupa kwa 980. Ofisa akaona ni habari njema, akaiweka kwenye faili lake. Aliyekuwa mezani na serikali hakuambiwa. Ijumaa mkurugenzi anasaini cheti. Pampu 400 mara dola 170 ni dola 68,000 ambazo serikali itazidai pamoja na riba, mkaguzi akiiona barua ile. Hapo bado ni takwimu pungufu, jambo la kurekebisha bei. Linakuwa dai la uongo ikionekana kwamba mtu alijua akanyamaza, au kwamba kampuni haikujisumbua kuuliza.

Dawa yake wakandarasi wazoefu wanaijua. Kabla cheti hakijasainiwa, ujumbe unapita kila dawati: ununuzi, uhasibu, uzalishaji, wanaosimamia wakandarasi wadogo. Kuna bei mpya? Kuna punguzo? Kuna mashine iliyopunguza saa za kazi? Kila mmoja anajibu kwa maandishi, hata kama jibu ni "hakuna". Kinachopatikana kinapelekwa kwa afisa mikataba kabla ya saini, hata kama kitashusha bei. Na kinapelekwa kwa kuelezwa. Kumwaga maboksi ya mafaili mbele ya mkaguzi na kusema "vyote vimo humo" hakuhesabiwi kuwa umetoa taarifa.

Makadirio nayo yana utata wake. Maoni yako kuhusu gharama za mwaka kesho si takwimu ya kuthibitishwa, lakini ukweli ulioyajenga ni takwimu. Vitenganishe waziwazi kwenye jedwali.

Kuhusu ukubwa wa mambo haya: Oktoba 2024, Raytheon, kampuni ya silaha iliyo chini ya RTX, ilikubali kulipa dola milioni 428 chini ya Sheria ya Madai ya Uongo kwa ajili ya bei za mikataba ya ulinzi. Katika makubaliano ya upande wa jinai, Raytheon ilikiri kwamba watumishi wake walitoa taarifa za uongo wakati wa majadiliano kuhusu makombora ya Patriot na mfumo wa rada, na Wizara ya Ulinzi ikalipa zaidi ya dola milioni 111 kupita ilivyostahili.

"GSA tumewapa punguzo zuri, yatosha"

GSA ni wakala unaofunga mikataba ya bei ambayo idara nyingine za serikali hununulia. Katika mikataba yake ya kawaida, kwa miaka mingi muuzaji amekuwa akieleza mwanzoni anawapa wateja wake wengine punguzo gani, na bei ya serikali ikifungamanishwa na mteja au kundi la wateja waliokubaliwa. Chini ya utaratibu huo, punguzo la kundi hilo likiongezeka, la serikali nalo linafuata. Tangu 2016, mikataba imekuwa ikihamia kwenye utaratibu wa kuripoti mauzo moja moja badala ya huo.

Shida iko kwenye mauzo. Robo mwaka inaisha, kijana wa mauzo hajafikisha lengo, anampa hospitali fulani asilimia 35 ilhali mkataba wa GSA ulijengwa juu ya asilimia 20. Kwake hiyo ni sherehe. Hajawahi kuusoma mkataba wa GSA, pengine hajui kama upo. Mwaka 2011 Oracle ililipa dola milioni 199.5 kumaliza madai, iliyoyakanusha, kwamba haikuieleza GSA punguzo kubwa ililowapa wateja wa kibiashara. Kesi ilifunguliwa na aliyekuwa mfanyakazi wake.

Mafunzo ya kila mwaka peke yake hayasaidii sana, kwa maoni yangu. Kinachosaidia ni programu ya mauzo inayogoma: punguzo likivuka mpaka, ofa haitoki mpaka msimamizi wa mkataba wa serikali aidhinishe.

"Kushusha bei hakumdhuru mtu"

Mwaka 2012, mahakama ya rufaa ya shirikisho ya kanda ya tisa iliamua, katika kesi dhidi ya Lockheed Martin, kwamba makadirio ya chini yaliyotolewa kwa uongo ili kunyakua zabuni yanaweza kuwa dai la uongo. Ukijua kazi ni dola milioni 9 ukaandika milioni 6 ukitegemea nyongeza za baadaye, ile milioni 6 ni kauli uliyoitoa.

"Saa ni saa, ilimradi zimefanyiwa kazi"

Mradi A umeishiwa fedha, mradi B bado unazo. Meneja anawaambia vijana, "Wiki hii jazeni taimshiti kwa B." Kazi imefanyika kweli, hakuna aliyekula cha mtu, lakini B imelipia kazi ya A. Ndivyo pia ilivyo kumtoza fundi wa mwaka mmoja kwa bei ya mtaalamu mwandamizi ilhali mkataba unataja sifa za kila ngazi. Booz Allen Hamilton ililipa dola milioni 377.45 mwaka 2023 kumaliza madai kwamba gharama za kazi zake za kibiashara na za nje ya nchi zilibebeshwa mikataba ya serikali. Taimshiti ijazwe na aliyefanya kazi, siku hiyohiyo, na masahihisho yabaki yakionekana.

"Mimi ni mkandarasi mdogo, anayeidai serikali ni bosi wangu"

Anayesababisha dai la uongo lipelekwe anabanwa sawa na aliyelipeleka, na tangu 2009 sheria inataja hata fedha zinazopitia kwa mkandarasi au mpokea ruzuku. Bei uliyomwandikia mkandarasi mkuu inaingia ndani ya bei yake.

"Mfanyakazi mlalamishi ni wa kuondolewa mapema"

Hapo ndipo kampuni huongeza kesi ya pili juu ya ya kwanza. Mtu binafsi anaweza kufungua kesi kwa niaba ya serikali, kwa siri kwa siku 60 au zaidi, akapata asilimia 15 hadi 25 ya kitakachopatikana serikali ikiichukua, na 25 hadi 30 isipoichukua. Katika mwaka wa fedha wa 2024 kesi za aina hiyo zilizofunguliwa zilikuwa 979. Anayefukuzwa kwa sababu hiyo hurudishwa kazini na kulipwa mshahara uliopotea mara mbili.

Mhasibu akija na wasiwasi, mwitikie na uandike alichosema. Ikithibitika, mikataba mingi mikubwa ina kifungu, tangu Desemba 2008, kinachomlazimu mkandarasi kumwarifu mkaguzi mkuu kwa maandishi. Na sheria yenyewe inaruhusu mahakama kuishusha ile mara tatu hadi mara mbili kwa anayejitokeza mwenyewe na yote anayoyajua ndani ya siku 30, kabla kesi haijafunguliwa na kabla hajasikia kwamba anachunguzwa. Siku hizo zinaanza kuhesabiwa kampuni inapopata taarifa kwa mara ya kwanza, hata kama wakili wake bado anasoma mafaili.