Asilimia 76 si ya kushinda

Kila mwisho wa Desemba, Mashindano ya Dunia ya chesi ya rapidi (chesi ya muda mfupi) yakikaribia, swali ni lile lile kuhusu Magnus Carlsen wa Norway na reitingi, ile namba inayopima nguvu ya mchezaji: "Carlsen ana reitingi kubwa kuliko wote, sasa kuna nini cha kutabiri?" Raundi ya 2 Carlsen anatoka sare na mtu mwenye reitingi ya 2550, na muulizaji yule yule anarudi kutangaza kwamba reitingi ni uongo mtupu. Kauli zote mbili zimezaliwa na kosa moja. Naliandika hapa ili mwakani nitume kiungo tu.

Fomula ya Elo, inayotumika kukokotoa reitingi, inasema hivi: ukimzidi mpinzani kwa pointi 100 za reitingi unatarajiwa kupata 0.64, ukimzidi kwa 200 unapata 0.76, kwa 400 unapata 0.91. Hiyo 0.76 ni wastani wa pointi kwa mchezo mmoja, ambapo ushindi ni 1 na sare ni nusu. Pointi, jamani. Haisemi utashinda mara 76 kati ya 100. Ndani yake kuna sare, na sare ndiyo inayochana mikeka ya watu.

Chukua wachezaji wawili, kila mmoja akiwa na matarajio ya 0.76. Wa kwanza anashinda mara 61, anatoka sare mara 30, anapoteza mara 9. Wa pili anashinda mara 54, sare 44, anapoteza mara 2. Piga hesabu: 61 na nusu ya 30 ni 76, 54 na nusu ya 44 ni 76. Reitingi haiwezi kukuambia yupi ni yupi. Kinachokuambia ni mtindo wake, rangi ya kete, ufunguzi atakaokutana nao (mnyonge mwenye weusi akikimbilia Petroff au Berlin, fungunzi za kujihami, ongeza sare bila kufikiri sana), na hali ya msimamo siku hiyo. Mimi huanza na sare asilimia 30 hadi 40 kwa michezo ya juu ya rapidi, kisha napandisha au kushusha. Ukiniuliza kwa nini si 27 au 43, sina jibu la kukuridhisha. Hilo ndilo tundu kubwa kwenye modeli zote za namna hii, na wanaouza utabiri hawapendi kulitaja.

Sasa uone madhara yake. Siku ya kwanza kwa kawaida ina raundi 5. Mtu wa 0.76 anatarajiwa kuwa na pointi 3.8. Akimaliza na 3.5, mitandao inaandika "ameanza vibaya". Ameanza kawaida! Akimaliza na 4 yuko juu ya makadirio. Kushinda zote 5, hata kwa yule mwenye ushindi wa asilimia 61, ni 0.61 mara yenyewe mara tano, yaani kama asilimia 8. Watu wanasubiri kitu cha asilimia 8, kisipotokea wanalaumu hesabu.

Tuende kwenye raundi zote 13. Tuseme kinara ana matarajio ya 0.72 kwa wastani: ushindi 52, sare 40, kupoteza 8. Wastani wake ni pointi 9.4 hivi, na mtawanyiko wa kawaida, yaani kiasi anachoweza kupanda au kushuka kutoka kwenye wastani huo, ukichukua wa mchezo mmoja na kuzidisha kwa kipeuo cha pili cha 13, ni kama 1.15. Ubingwa unahitaji pointi ngapi? Warsaw mwaka 2021 zilitosha 9.5 pamoja na mchujo, yaani michezo ya ziada ya kuwatenganisha waliofungana. Almaty 2022, Samarkand 2023 na New York 2024 bingwa alifikisha 10. Kwa kinara wetu, kufika 10 ni kama asilimia 37. Huyo ndiye "hana mpinzani" wenu.

Upande wa pili weka watu 20 wazuri lakini si vinara, kila mmoja na matarajio ya 0.58. Mmoja mmoja, kufika 10 ni kama asilimia 5. Kidogo, sivyo? Lakini uwezekano kwamba angalau mmoja kati ya hao 20 atafika ni asilimia 60 na kitu. Hesabu hiyo inachukulia kila mtu anacheza peke yake kisiwani, jambo ambalo si kweli: wanapokonyana pointi wao kwa wao, na kadiri unavyoshinda ndivyo unavyopewa wagumu zaidi. Namba halisi iko chini ya hapo. Iko chini kiasi gani, inategemea unavyoiga upangaji wa mfumo wa Uswisi (nitaueleza chini), na hapo ndipo programu za watu wengi, pamoja na zangu, zinapoanza kubahatisha kwa staha. Hata hivyo picha haibadiliki. Swali "fulani au wengine wote?" karibu kila mara jibu lake ni wengine wote.

Ndiyo maana Volodar Murzin, kijana wa miaka 18 aliyekuwa wa 59 kwenye orodha ya kuanzia New York 2024, hakunishangaza sana alipotwaa ubingwa. Kwamba ni *yeye* kulikuwa vigumu kubashiri. Kwamba ni mtu wa aina yake kulikuwa rahisi zaidi.

Hapo kuna jambo la reitingi gani unatumia. FIDE, shirikisho la chesi duniani, ina orodha tatu: chesi ndefu, rapidi na blitsi (ya haraka zaidi). Tumia ya rapidi, lakini usiiamini kama msahafu. Michezo ya mtandaoni haihesabiwi humo, na wengi hucheza rapidi chache za ubaoni kwa mwaka, kwa hiyo namba ya kijana inaweza kuwa imelala huku mwenyewe ameshakua. Kwa mchezaji wa chini ya miaka 20 ambaye reitingi yake ya chesi ndefu imeizidi ya rapidi, nachukua katikati ya hizo mbili. Ni kanuni ya jikoni tu. Nodirbek Abdusattorov wa Uzbekistan alikuwa na miaka 17 alipotwaa taji Warsaw.

Mfumo wa Uswisi nitaupitia haraka. Wenye pointi sawa wanakutanishwa, nusu ya juu ya kundi dhidi ya nusu ya chini, hakuna kurudiana, na rangi zinasawazishwa. Kwa hiyo kupoteza mapema hakuui. Saint Petersburg 2018 Carlsen alipoteza michezo miwili ya mwanzo na bado alimaliza nusu pointi nyuma ya bingwa Dubov. Humpy Koneru wa India alipoteza raundi ya kwanza New York 2024 na akawa bingwa wa wanawake kwa 8.5 kati ya 11. Bei ya kupoteza mapema unailipa kwenye vigezo vya kuwatenganisha waliofungana kwa pointi, kwa sababu umekutana na wapinzani wa chini. Warsaw wanne walifungana kwa 9.5, wakaingia mchujo wawili tu, Abdusattorov na Nepomniachtchi. Carlsen na Caruana wakabaki kutazama. Soma kanuni za mwaka husika kabla ya raundi ya kwanza, si baada ya ya mwisho.

Sasa kile kipimo cheupe na cheusi pembeni mwa ubao kwenye matangazo, kinachoonyesha injini (programu ya chesi) inaona nani yuko mbele. Hiki ndicho kinachonitoa roho. "Ana +2, imeisha." Imeisha kwa nani? Tangu toleo la 15.1 la mwaka 2022, Stockfish, moja ya injini hizo, imesawazishwa hivi kwamba +1.00 inamaanisha uwezekano wa nusu kwa nusu wa kushinda, injini ikicheza na injini yenzake. Haikupimwa kwa binadamu aliyebakiwa na sekunde 14.

Muda wa rapidi ya dunia ni dakika 15 na sekunde 10 kwa kila hatua. Mchezo wa hatua 60 unampa mtu dakika 25 kwa jumla, na nyingi huliwa kwenye hatua 25 za mwanzo. Kwa hiyo tazama saa kwanza, ndipo utazame kipimo. Mwenye +2 na dakika nne, mpe ushindi. Mwenye +2 aliyeshuka chini ya sekunde 20, huku mpinzani ana dakika tatu, mimi namkata karibu nusu ya faida yake. Halafu uliza +2 hiyo imetoka wapi. Ikiwa ni askari wawili wa ziada na mfalme salama, itadumu. Ikiwa injini imeona hatua moja tulivu, mfano mfalme kusogea h2 katikati ya vita, na nyingine zote ni sare, usihesabu kitu. Na 0.00 ina uongo wake: mwisho wa ngome dhidi ya ngome, askari watatu kwa wawili, injini inasema sare, lakini mmoja anabana bila hatari na mwingine anahitaji hatua sahihi 30 mfululizo kwa sekunde kumi kumi. Anayebana mpe zaidi ya nusu.

Na tafadhali, kipimo kikiruka ghafla mchezo ukiisha, angalia wafalme. Wachezaji huwaweka katikati ya ubao kuonyesha matokeo, na ubao wa kielektroniki husoma hiyo kama hatua ya ajabu. Wafalme kwenye e4 na d5, miraba myeupe, weupe wameshinda. Kwenye d4 na e5, weusi. Mmoja kwenye mweupe na mwingine kwenye mweusi, sare. Hakuna aliyetoa malkia bure.

Kuna mambo ambayo modeli haina safu yake. New York 2024 Carlsen alitozwa faini kwa kuvaa jinzi, akakataa kubadilisha, hakupangwa raundi ya 9, akajitoa. Weka asilimia moja mbili pembeni kwa vituko.

Raundi ya mwisho tupa reitingi nusu na ushike msimamo. Kiongozi wa 9.5 aliye peke yake anataka sare, na akiwa na weupe ataipata mapema: pandisha sare hadi asilimia 60 au 70. Wawili wenye 9 waliopangwa pamoja hawana faida na sare, kwa hiyo shusha sare, na usimpe mwenye reitingi kubwa zote ulizotoa. Mwenye weusi anayehitaji ushindi atacheza Sicilian au King's Indian, fungunzi za kutafuta vita, hata kama haipendi, na nafasi yake ya kupoteza ndiyo inayopanda zaidi.