Panga daftari lako kwa vijineno, si kwa vitenzi

Wanafunzi wengi wa Kiingereza hunijia na daftari lililojaa "give up", "give in", "give out", zote zimepangwa chini ya "give". Vitabu vingi navyo hupanga hivyohivyo. Nimefundisha vitenzi hivi vinavyofuatwa na kijineno kama "up" au "in" ("phrasal verbs") kwa miaka mingi na mpangilio huo siupendi hata kidogo, kwa sababu "give" peke yake haikuambii kwa nini "give up" ni kukata tamaa na "give in" ni kusalimu amri. Mara nyingi anayebeba siri ni kile kijineno cha nyuma.

Chukua "up". Tumefundishwa kuwa ni "juu", na kwenye "stand up" ni kweli. Lakini kwenye "eat up", "use up" na "drink up" hakuna kinachopanda. Hapo "up" inasema kwamba kitendo kimefika ukomo wake. Tazama sentensi hizi mbili: "She tore the letter" na "She tore up the letter". Katika ya kwanza barua imechanika, pengine pembeni tu, na bado inasomeka. Katika ya pili imechanwa vipande vipande, wala hakuna tena barua ya kusoma. Kitenzi ni kilekile. Tofauti yote imeletwa na "up".

"Off" hutenganisha. "Cut off" ni kukata kitu kikabanduka. "Take off" ni kuvua nguo, na pia ni ndege kuruka: nguo inaachana na mwili, ndege inaachana na ardhi. Ukisema "put off the meeting", kikao kinasogezwa mbali na siku yake. Ukishaizoea picha hiyo ya kuachana, hata "call off", yaani kufuta jambo lililopangwa, ambayo hujawahi kukutana nayo, hutaikosa kwa mbali.

"On" ndiyo ninayofurahia zaidi kuifundisha kwa wazungumzaji wa Kiswahili. "Read on", "drive on", "carry on": kitendo hakikatiki. Sasa isikilize lugha yetu. Enda, endelea: ndiyo "go" na "go on". Shika, shikilia: "hold" na "hold on". Hata tazama na tazamia zinakaribiana sana na "look" na "look forward to". Sisi tunanyambua mwisho wa kitenzi. Mwingereza anakiacha kitenzi kama kilivyo, kisha anakiongezea kijineno. Kwa hiyo mwendo huu si mgeni kwetu, tumeuzoea tangu utotoni.

Vipo vinavyogoma, hilo silifichi. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya Kiingereza ya mwaka 1755, aliandika kwamba miundo ya namna hii ndiyo inayowapa wageni ugumu mkubwa kabisa. "Put up with", yaani kuvumilia, haifumbuliki kwa kutazama kipande kimoja kimoja. "Make up" ni kupatana baada ya ugomvi, ni kutunga jambo lisilokuwepo, na ni kujipamba uso. Vya aina hii usivihangaikie kwa kanuni. Viandike ndani ya sentensi nzima, kama "They quarrelled, then made up" au "He made up the whole story", na maneno ya jirani yatakuonyesha maana.

Hata anayeelewa maana hukwama kwenye nafasi ya "it". "Pick up the book" na "pick the book up" zote ni sahihi, lakini "it" lazima ikae katikati: "pick it up". "Look for" haikubali hivyo. Ni "look for it" basi. Hapa liamini sikio. Kwenye "pick it up" mkazo huangukia "up". Kwenye "look for it" mkazo uko kwenye "look", na "for" humezwa. Kwa kawaida kijineno chenye mkazo ndicho kinachoipisha "it" ipite katikati.