Huduma ya saa kwenye seva ifungwe kwa wageni, isizimwe

Malalamiko yanayotufikia kutoka kwa wenye seva za Linux hapa Mwanza, kuanzia ofisi za Kenyatta Road hadi wasambazaji wadogo wa intaneti kule Nyegezi, yanafanana: laini nzito, halafu onyo la mtoa huduma kwamba seva yako inashambulia watu. Mwenyewe anaapa hajamgusa mtu. Tunamwamini. Kilichotumika ni NTP yake, yaani huduma ya kulinganisha saa za kompyuta kupitia mtandao.

Matoleo ya ntpd, programu inayoendesha NTP, kabla ya 4.2.7p26 huitikia amri ya monlist, inayoorodhesha waliowasiliana na seva: swali fupi, jibu la hadi anwani 600. Mhalifu huuliza akijifanya yeye ni mlengwa, na majibu yote humwangukia mlengwa. Februari 2014 shambulio la aina hii lilikaribia gigabiti 400 kwa sekunde, kwa seva zipatazo 4,500 tu. Kwa hiyo "seva yangu ndogo, nani ataitaka?" tusiisikie tena.

Sasisha programu kwanza. Kisha fungua faili la mipangilio /etc/ntp.conf kama root (msimamizi mkuu), uhakikishe mistari hii ipo:

restrict -4 default kod nomodify notrap nopeer noquery
restrict -6 default kod nomodify notrap nopeer noquery
restrict 127.0.0.1
restrict ::1

Wengi huweka mstari wa kwanza, wa anwani za IPv4, na kuusahau wa pili, wa anwani mpya za IPv6. Anayetumia pool (kundi la seva za saa za umma) aongeze restrict source nomodify notrap noquery, la sivyo nopeer itamkatia vyanzo vyake. Anzisha huduma upya. Ukiwa kwenye kompyuta nyingine, andika ntpq -p na anwani ya seva. Usipojibiwa, ndivyo inavyotakiwa. Wanaotumia chrony, programu mbadala ya ntpd, wana nafuu, maana haihudumii wengine mpaka uandike allow. Ila allow tupu, bila kutaja mtandao, imefungulia dunia nzima.

Jaribu seva yako, si ya jirani. Kuingia mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. "Nilikuwa najaribu tu" si kibali.

Wapo pia wanaozima huduma yote na kurekebisha saa kwa kutazama simu, au kuisogeza saa 3 mbele badala ya kuweka ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam. Jamani. Kwa kawaida Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji mtandaoni, huvumilia tofauti ya saa ya dakika 5 tu, na kumbukumbu za seva (logi) zenye saa za kubuni ni ushahidi dhaifu. Anayekuja kulalamika alete nakala ya ntp.conf na kumbukumbu za siku husika. Picha ya skrini kwenye simu haitusaidii.